Nani Huyo Tunayemwita Mtumiaji?

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii inamhusu sana mbunifu, maana kazi yake ni kutandika vitanda watakavyolalia wengine: fomu ya benki, programu ya simu, dirisha la kupokelea wagonjwa, wakati mwingine kijiji kizima. Wabunifu wa siku hizi wana jibu: basi na tukilalie. Wanamfuata muuza nyanya sokoni, wanapanda naye daladala, wanashinda naye kutwa, na jioni wanaandika walichohisi. Ni jambo jema, bora mara nyingi kuliko kumkisia mtu ukiwa ofisini. Hata hivyo tulitazame kwa utulivu. Anayelala usiku mmoja akijua kesho anarudi kwake, je, amelala kitanda kilekile na yule asiye na kwingine pa kwenda? Kunguni watawauma wote wawili sawasawa. Usiku wenyewe ndio unaotofautiana.

Tukubaliane kwanza juu ya kitu tunachokizungumza. Huruma ya kila siku ni kuguswa na hali ya mwenzio. Ninayoitafuta hapa ni pana kuliko hiyo, na ngumu kuliko hiyo: ni uwezo wa kuiona dunia kama inavyomjia mwingine, pamoja na sababu zinazomfanya atende anavyotenda, bila kuzigeuza sababu hizo zikawa zangu. Adam Smith, ambaye wengi humtaja kwa habari za masoko, alichapisha mwaka 1759 kitabu kizima juu ya hisia na maadili, na alianzia mahali hapa hasa. Hatuna njia, alisema, ya kuhisi moja kwa moja anachohisi mwingine. Tunachoweza ni kujiwazia tukiwa katika hali yake. Mtego umo humo. Ninapojiwazia katika hali yako, anayesafiri kwenda huko ni mimi, na hofu zangu, na mshahara wangu, na malezi yangu. Nitarudi na habari za kweli, ila sehemu kubwa ya ukweli huo itanihusu mimi.

Kwa hiyo sina shaka sana kama wabunifu wana huruma. Wengi wanayo, na baadhi wanayo kwa wingi. Nauliza huruma hiyo inalishwa na nini ili isiishie kwa mwenye kuihisi.

Liko tukio moja la Kenya linalostahili kufikiriwa polepole. Mwaka 2005 kampuni za simu za Safaricom na Vodafone, zikisaidiwa na fedha za serikali ya Uingereza, zilianza kuifanyia majaribio huduma ya M-Pesa. Lengo la mwanzo lilikuwa dogo: mkopaji wa Faulu, taasisi ya mikopo midogo, aweze kupokea mkopo na kulipa marejesho yake kwa simu. Waliojaribu walikuwa mia chache tu, Nairobi na Thika. Wabunifu walikuwa na picha ya mtu wao, nayo ilikuwa ya mkopaji anayelipa deni. Picha hiyo haikuwa ya uongo. Lakini huduma ilipofika mikononi mwa watu, walianza kuifanyia mambo yasiyokuwamo kwenye mpango. Wapo waliowalipia wenzao marejesho. Wapo walioweka pesa kwa wakala wa mji mmoja, wakasafiri, wakazitoa walikofika, ili wasibebe fedha taslimu njiani. Wapo walionunua muda wa maongezi na kuwatumia ndugu walioko kijijini. Wafanyabiashara nao wakaigeuza sanduku la kulazia mauzo ya siku. Huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, tangazo lake halikuwa tena la mikopo. Liliwaambia watu wapeleke pesa nyumbani.

Kisa hiki husimuliwa kama hadithi ya kampuni iliyosikiliza soko. Ni kweli ilisikiliza, na sifa hiyo inaistahili. Lakini ilisikia nini? Mtu anaweza kujibu kwamba ilisikia hitaji la urahisi: watu walitaka kutuma pesa bila usumbufu. Jibu hili linatosha kuelezea kwa nini huduma ilienea. Halitoshi kunieleza kwa nini mtu aliyepewa chombo cha kulipia deni lake akakitumia kulipia la mwenzake. Hapo urahisi hausaidii. Kwa hesabu ya urahisi, deni la mwenzako ndilo jambo rahisi kuliko yote kuliacha.

Nadhani kilichojitokeza ni kwamba mkopaji hakuwahi kuwa mkopaji tu. Alikuwa dada wa mtu, mpangaji wa mtu, mama wa mtoto aliyeko bweni, mwanachama wa chama. Deni la Faulu lilikuwa moja kati ya madeni yake, na pengine wala halikuwa zito kuliko mengine. Marcel Mauss, Mfaransa aliyechapisha insha yake juu ya zawadi mwaka 1925, alieleza kwamba katika jamii nyingi kutoa ni wajibu, kupokea ni wajibu na kurudisha ni wajibu, na kwamba kitu kinachopita mikononi hubeba uhusiano wa waliokipitisha. Anayejua kamati za harusi za Dar es Salaam, na daftari linaloonyesha nani alimchangia nani na kiasi gani, hahitaji kushawishiwa. Mwaka 1994 Viviana Zelizer, mwanasosholojia wa Marekani, aliongeza kwamba pesa zenye thamani moja si pesa moja: watu huzitenga, huzipa kazi na heshima tofauti, na shilingi ya ada haigeuki kuwa ya nyama bila dhamiri kushtuka.

Sasa naweza kusema ninachokiita nadharia ya jamii. Wengi wanaposikia neno nadharia hudhani ni maneno magumu ya chuoni. Kwa matumizi yangu hapa, ni maelezo yaliyopimwa kwa makini juu ya mambo ambayo watu huyafanya pamoja bila kuyasema, kwa kuwa kila mmoja wao anayajua tayari. Mahojiano hayawezi kuyafikia kwa urahisi. Ukimuuliza mtu kwa nini amemtumia kaka yake elfu mbili, atakuambia kaka ana shida. Hatakueleza kwamba kaka huyo aliacha shule ili yeye asome, kwamba hilo halijawahi kutamkwa mezani hata siku moja, na kwamba elfu mbili hizo hazikusudiwi kulimaliza deni hilo bali kulitambua. Hatakueleza kwa sababu swali lako halikulifikia, na pengine kwa sababu hata yeye mwenyewe hajalitamka moyoni kwa namna hiyo. Nadharia humpa mbunifu subira ya kushuku kwamba chini ya jibu fupi kuna historia ndefu.

Na inampa kitu kingine ninachokithamini zaidi: inampa maswali ambayo huruma peke yake isingeyauliza. Chukua suala la muda. Pierre Bourdieu, aliyeanza utafiti wake miongoni mwa Wakabyle wa Algeria mwishoni mwa miaka ya 1950, aliona jambo ambalo Mauss hakulipa uzito wa kutosha. Kurudisha zawadi papo hapo ni sawa na kuikataa. Kipindi kinachopita kati ya kupewa na kurudisha ndicho kinachoifanya zawadi iwe zawadi. Kukiondoa ni kuigeuza biashara. Ikiwa ni hivyo, tuutazame upya mfumo wa kutuma pesa unaofika kwa sekunde chache. Kwa mbunifu, kasi ni wema usiohitaji kutetewa. Kila sekunde iliyopunguzwa ni ushindi. Lakini zamani, pesa zilipokwenda nyumbani kwa mkono wa msafiri au dereva wa basi, ucheleweshaji ulikuwa na kazi yake. Ulimwezesha mtu kusema "sijapata wa kumpa" pasipo kusema "sina", au pasipo kusema "sitaki". Ulimpa nafasi ya kukopa, kutafuta, kufikiri, kushauriana na mwenzake. Uliihifadhi heshima ya aliyeomba na ya aliyeombwa kwa wakati mmoja. Leo ombi linafika saa nne usiku, na jibu linaweza kutoka saa nne na dakika moja. Asiyetuma hana tena pa kujificha. Ukimya wake umekuwa jibu.

Sisemi tuirudishe pesa ndani ya bahasha. Mgonjwa anayesubiri dawa hafaidiki na falsafa ya ucheleweshaji. Nasema tu kwamba mbunifu aliyeingia kwa hisia peke yake angeona usumbufu wa kungoja na kuuondoa kwa furaha, kwa sababu yeye mwenyewe hapendi kungoja. Nadharia ndiyo ingemzuia kidogo na kumuuliza: kungoja huku kulikuwa kunawafanyia watu nini?

Kuna wanaojibu kwamba haya yote yanatokana na umoja wetu, na kwamba mwanafalsafa Mkenya John Mbiti alishatueleza mwaka 1969 jinsi Mwafrika asivyoweza kujieleza nje ya watu wake. Nakubali, na bado naomba tusipite hapo haraka. Kuishi pamoja si jambo laini. Olga Morawczynski, aliyeichunguza M-Pesa Kibera jijini Nairobi na kijijini Bukura katika miaka yake ya kwanza, aliwakuta wanawake waliokuwa wakiificha akiba yao ndani ya simu, mahali ambapo mume asingeiona kama ambavyo angeiona chini ya godoro. Alikuta pia kwamba baadhi ya waume waliokuwa mjini walipunguza safari za nyumbani, kwa kuwa sasa pesa zilikwenda bila wao. Sibel Kusimba, mwanaanthropolojia aliyeandika kitabu juu ya pesa za simu za Kenya mwaka 2021, alionyesha jinsi pesa hizo zinavyopita sana kwa akina mama na ndugu wa tumbo moja, katika mitandao ambayo haifanani na ile kaya tunayoichora kwenye fomu, yenye baba juu na wengine chini yake. Umoja upo. Ndani yake wamo wanaobeba na wanaobebwa, wanaosema na wanaonyamaza. Huruma inayouona umoja bila kuiona mizigo hiyo imechagua upande, hata kama haijui.

Faida nyingine ya nadharia naitaja kwa kifupi, kwa kuwa iko wazi. Inaondoa dharau. Lucy Suchman alifanya kazi katika maabara ya Xerox huko California, na katika kitabu chake cha mwaka 1987 alichambua watu waliokuwa wakihangaika na mashine ya kunakili ambayo matangazo yaliiita rahisi. Waliorekodiwa wakishindwa kutoa nakala za pande mbili hawakuwa watu wasiosoma. Miongoni mwao walikuwamo mabingwa wa sayansi ya kompyuta. Mashine ilifuata mpango uliotiwa ndani yake, nao watu walitenda kwa kufuata hali ilivyobadilika mbele yao. Tangu hapo ni vigumu kusema kwa dhamiri safi kwamba mtumiaji ni mzito wa kuelewa.

Hata hivyo nitakuwa nimemdanganya msomaji nikiiacha nadharia na sifa hizi tu. Historia ya Tanzania inanizuia. Sidhani kuna kiongozi wa zama zake aliyefikiri juu ya jamii kwa uzito kumzidi Mwalimu Nyerere. Ujamaa ulikuwa nadharia ya jamii kwa maana kamili: maelezo ya jinsi watu wanavyoishi kama ndugu, na ya jinsi wanavyoweza kuendelea kuishi hivyo. Katika andiko lake la mwaka 1967 juu ya ujamaa vijijini alisisitiza hiari. Watu hawawezi kulazimishwa kuwa wajamaa. Kabla ya hapo, Litowa huko Ruvuma, wakulima walikuwa wameshaanza wenyewe kuishi na kulima pamoja, na chama chao kikaunganisha vijiji kadhaa. Chama hicho kilivunjwa mwaka 1969. Novemba 1973 kuishi vijijini kukawa amri, na hadi 1976 watu wasiopungua milioni 5 walikuwa wamehamishwa.

Tunaweza kulitazama zoezi hilo kama kazi ya ubunifu, maana ndivyo lilivyokuwa: nyumba zilizopangwa kwa mistari kando ya barabara, mashamba ya pamoja, shule, zahanati, bomba la maji. Makusudi yake mengi yalikuwa ya upendo, na shule na zahanati zilijengwa kweli. Lakini mwanasayansi wa siasa James Scott, katika kitabu chake cha mwaka 1998 kuhusu namna dola inavyoona, alionyesha nini kilipotea katika mistari hiyo. Mkulima mwenye vijishamba vilivyotawanyika, kimoja bondeni na kimoja mlimani, aliyechanganya mahindi na kunde, hakuwa mtu asiye na mpango. Alikuwa amejikinga na mvua isiyotabirika na wadudu wasiotabirika. Ujuzi huo ulikuwa wa mahali pale, na mahali pale aliondolewa.

Nini basi kilitokea kwa nadharia? Siwezi kusema ilikosa huruma, ilizaliwa nayo. Nadhani ilifika wakati ikajua mno. Ilikuwa imeshaeleza Mwafrika ni nani, kwa hiyo Mwafrika aliyesimama mlangoni pake akikataa kuhama alionekana kama mtu ambaye bado hajajielewa. Hii ni hatari kubwa kuliko ile ya mbunifu anayejiona mwenyewe ndani ya wengine. Huyo akiambiwa amekosea, anaweza kusikia. Mwenye nadharia iliyokamilika ana maelezo tayari hata ya kwa nini unambishia. Ndiyo maana naipenda nadharia inayokuja kama swali, na naiogopa ile inayokuja kama picha.

Tukifika hapa msomaji anaweza kudhani kwamba tatizo ni kutojua, na kwamba tukijua zaidi, kwa subira zaidi, tutatenda vizuri zaidi. Ningependa iwe hivyo. Lakini tazama programu za mikopo ya simu zilizoenea Kenya katika miaka ya 2010. Baadhi yake zilimtaka mkopaji aziruhusu kusoma orodha ya majina yaliyomo kwenye simu yake. Alipochelewa kulipa, wakusanyaji waliwapigia watu wa orodha hiyo: bosi, mama mkwe, jirani, mwalimu wa mtoto. Malalamiko yalikuwa mengi kiasi kwamba sheria ikabadilishwa, na mwaka 2022 Benki Kuu ya Kenya ikatoa kanuni zilizokataza vitisho na kuwafuata watu walio kwenye simu ya mkopaji.

Waliobuni njia ile walikuwa wanaielewa jamii? Naogopa kwamba waliielewa barabara. Mwanasosholojia Erving Goffman alieleza katika miaka ya 1950 jinsi kila mmoja wetu anavyotunza sura tofauti mbele ya watu tofauti, na jinsi maisha yanavyowezekana kwa sababu hadhira hizo hazikutani. Bosi anamjua mtu mmoja, mama mkwe anamjua mwingine, na wote ni mimi. Programu zile zilizikutanisha hadhira hizo kwa makusudi. Zilijua kwamba kwetu deni haliumizi mfukoni kama linavyoumiza usoni, na zilipajua mahali hasa pa kubonyeza. Ule ujuzi wa Mauss, kwamba mtu yumo ndani ya mahusiano yake, ukageuzwa dhamana ya mkopo.

Kwa hiyo kuelewa si kujali. Naiandika sentensi hii kwa uzito, kwa sababu mazungumzo mengi juu ya ubunifu wenye huruma huenda kana kwamba cha kwanza kikija cha pili hufuata. Kujali ni kukubali kwamba ninachokijua juu yako kinanifunga mimi kabla hakijanipa nguvu juu yako. Nikijua unaona aibu, ujuzi huo unaniwekea mpaka. Daktari tunamtarajia awe hivyo, na kadhi, na mganga, na shangazi anayesuluhisha ndoa. Sioni kwa nini mbunifu asitarajiwe vivyo hivyo, ikiwa naye ameingia ndani ya nyumba za watu na kutoka na siri zao kwenye daftari.

Édouard Glissant, mwandishi wa Martinique, alidai mwaka 1990 jambo ambalo awali lilinishangaza: kwamba watu wana haki ya kutoonekana mpaka ndani, na kwamba ninaweza kushikamana na mwenzangu bila kulazimika kumwelewa kikamilifu. Aliyasema hayo kama mtoto wa visiwa vilivyochunguzwa, vikahesabiwa na kuelezwa na wengine kwa karne kadhaa. Nikiyaweka maneno yake kando ya yale majaribio ya M-Pesa, naona kitu nilichokuwa nimekipita. Wale watu walioitumia huduma kinyume cha mpango waliweza kufanya hivyo kwa sababu haikuwauliza sana. Haikumuuliza mtu anayemtumia pesa ni nani wake, wala kwa nini anamtumia. Iliwaachia nafasi, na watu wakaijaza nafasi hiyo kwa undugu wao, kwa hofu zao na kwa siri zao. Hakuna mtafiti ambaye angeweza kuorodhesha matumizi hayo mapema, na kama angeyaorodhesha, baadhi yangetoweka kwa kuorodheshwa.

Hebu tulete jambo hili karibu na uamuzi halisi. Tuseme mbunifu anafikiria kutengeneza akaunti ya familia, ambayo mume na mke wanaona salio moja na kila muamala wa kila mmoja. Huruma ya kawaida inaipenda: uwazi hujenga ndoa. Nadharia inamkumbusha wanawake wa Kibera na akiba yao, na hapo anasita. Lakini nadharia hiyohiyo inaweza kumwambia pia kwamba kuna mke mwingine ambaye mume wake ndiye anayeficha, na watoto wanalala njaa mshahara ukiwa umejaa kwenye simu. Mmoja anahitaji pazia, mwingine anahitaji liondolewe, na wote wawili wanaitwa mtumiaji. Sidhani kuna kitabu kitakachomwamulia. Anaweza kuwatafuta wote wawili, kila mmoja peke yake, na kuwauliza nani atapata hasara iwapo akaunti hiyo itakuwepo. Na wakishajibu, awaachie wao, si mume wala kampuni, uwezo wa kuifunga.